Mpiga picha wa maji kupwa aliyesubiri ukungu uondoke

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, wanawake wawili wanashuka ngazi za zege zinazoelekea ufukweni. Wa mbele ana kamera shingoni na viatu mkononi. Wa nyuma amejitwika sinia kubwa la alumini lililofungwa kwa kitambaa, na asiyewajua angeapa kwamba wanapeleka chakula kwenye shughuli.

Sinia hilo halijaona chakula kwa miaka mingi. Ni kifaa cha kazi, na ndilo lililompa mwenye kamera jina analoitwa na walinzi wa ufukweni, wauza maji na hata mwenye nyumba wake akija kudai kodi: Mama Sinia.

Maji yamepwa. Pale ambapo jana jioni mawimbi yalikuwa yakigonga ukuta, sasa umebaki uwanja mpana wa mchanga mbichi, na juu ya mchanga kuna utando wa maji usiozidi unene wa ukucha. Utando huo ndio unaomlisha. Jua likichomoza huonekana mara mbili, juu na chini, na mtu akisimama katikati huonekana kama anatembea mbinguni, hata kama ana madeni dukani.

Mama Sinia anachagua mahali kwa nyayo. Mchanga mgumu hushika maji na kuonyesha anga; mchanga laini huyanywa, na picha inabaki tope tupu. Anakanyaga, anarudi nyuma, anakanyaga tena, mpaka anaridhika.

Wateja wake wa leo ni bwana na bibi waliooana wiki iliyopita. Anawageuza waipe bahari mgongo, wamtazame yeye. Bwana harusi analalamika kwamba wamedamka usiku ili waone jua, na sasa wanaambiwa walipe kisogo. Anajibiwa kwamba jua ataliona kwenye picha. Jibu linatoka bila kicheko, maana swali hilo Mama Sinia amelijibu kwa miaka kumi na sita.

Kisha anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya wateja. Anampa kamera wifi yake, yule aliyejitwika sinia.

"Niambie kama kope za bibi harusi unaziona moja moja," anamnong'oneza.

Wifi anafunga jicho moja, anatazama, anasema anaziona. Mama Sinia anaichukua kamera bila kuigusa pete ya lenzi, ile ya kulengea, anasimama palepale alipokuwa amesimama wifi, anapiga.

Keshokutwa atapasuliwa jicho la kulia. Lina mtoto wa jicho, na ndilo jicho pekee alilonalo.

La kushoto lilipotea akiwa na miaka tisa, kibanzi cha kuni kiliporuka wakati kaka yake akipasua. Tangu hapo linaona mwanga na giza, basi. Analizungumzia kwa mzaha, kama watu wanavyomzungumzia jamaa mvivu waliyemzoea. "Wapiga picha wenzangu hufumba jicho moja ili wapige," anasema. "Mimi Mungu alinifumbia mapema, nisichelewe kazini."

Ana miaka arobaini na saba. Alianza kama mfagiaji katika studio ya mzee mmoja aliyekuwa hafundishi mtu kazi, akajifunza kwa kumchungulia. Mzee alipostaafu alimwachia kamera moja kama kiinua mgongo, na mpaka leo anaitumia hiyohiyo, ingawa sehemu yake ya kujilenga yenyewe ilishakufa. Kila picha hulengwa kwa mkono na kwa jicho.

Ufukweni alikwenda kwa sababu mjini kila kona ilikuwa na studio. Wateja wa kwanza walimkimbia. Jua likiwa nyuma ya mtu, uso wake hutoka mweusi tii, na watu walizirudisha picha kwa hasira. Mmoja alimwambia kwamba amelipia sura yake, kivuli anacho nyumbani bure.

Alijaribu taa, zikaingia maji. Alijaribu kioo cha kabati, kikawachoma wateja macho mpaka wakatoka kwenye picha wamekunja nyuso kama waliolamba ndimu. Mwisho, asubuhi moja alikuwa anaanika vyombo uani. Sinia alilopewa na mama mkwe wake siku ya harusi likarusha jua dirishani, likamwangukia usoni wifi yake aliyekuwa kwenye cherehani. Wifi akafoka kwamba anatiwa upofu. Mama Sinia hakusikia hata neno moja la yale matusi. Alikuwa anautazama uso wa wifi yake, jinsi mwanga ulivyotulia juu yake, laini, hadi kidonda kidogo cha kidevuni kinaonekana.

"Nikamwambia, wifi, usisogee. Yeye akazidi kunitukana," anakumbuka. "Tangu siku hiyo tukawa washirika."

Mama mkwe, aliyekuwa hai wakati huo, hakufurahi. Alilalamika kwa majirani kwamba alitoa sinia la kupakulia wageni, na sasa linakwenda kupakua jua. Hata hivyo picha yake ya mwisho, ile iliyowekwa mezani siku ya msiba, ilipigwa kwa mwanga wa sinia hilo.

Leo wanawake hao wawili wana chumba kimoja chenye biashara mbili. Upande wa mlangoni kuna cherehani ya wifi na rundo la nguo zinazosubiri vifungo. Upande wa ndani kuna shuka jeupe ukutani, stuli moja na taa mbili za picha za pasipoti. Mume wa Mama Sinia ni fundi wa mabomba katika mji wa mbali, hurudi kila baada ya miezi kadhaa, na akirudi hukuta chumba kimejaa uzi na picha, akakosa pa kukaa.

Kati ya cherehani na shuka imetundikwa kalenda. Kwenye kalenda hiyo kuna tarehe zilizozungushiwa duara, nne huku na nne kule. Ndizo siku ambazo maji hupwa sawasawa na jua linapochomoza. Siku nyingine bahari hupwa adhuhuri au usiku, na jua likitoka hukuta maji yamejaa.

"Kwa mwezi nina asubuhi nane," anaeleza. "Mvua ikichukua tatu, zimebaki tano. Na hizo tano naomba watu wasilale."

Asubuhi nzuri hupata wateja watano au sita. Zamani walifika kumi na mbili, kabla kila mtu hajawa na simu yenye kamera. Katika miezi ya mvua hupita hata wiki tatu bila mteja wa ufukweni, na hapo ndipo picha za pasipoti humsitiri. Gharama ya jicho ameikusanya kwa miezi saba, akiitia kwenye kopo la maziwa ambalo wifi alikuwa analitingisha kila Jumapili kusikiliza kama limeshiba.

Jicho lilianza kuharibika taratibu, na yeye akalitetea. Alidhani lenzi ni chafu, akaifuta. Alidhani taa za chumba zimezeeka, akazibadilisha. Kila kitu kilikuwa kinaonekana cha manjano, kwa hiyo akawa anaongeza buluu kwenye picha ili kuzisawazisha. Wateja wakaanza kulalamika. Familia moja ilimuuliza kwa upole kwa nini wote wanafanana na watu waliotolewa kwenye jokofu.

Wifi aliligundua hilo la rangi, lakini akadhani ni mtindo mpya. Kwa wapiga picha, anasema, huwezi kujua kipi ni kosa na kipi ni ujuzi.

Kilichowafumbua macho kilitokea miezi minne iliyopita, na wote wawili hukisimulia kwa sauti ya chini.

Dereva mmoja wa lori alimleta mama yake kutoka bara. Bibi alikuwa na miaka sabini na kitu, na hakuwahi kuiona bahari. Alitaka kuona jua likitoka ndani ya maji, na alitaka picha ya kuwaonyesha wenzake nyumbani ili wasimwite mwongo. Mama Sinia akawasimamisha, akarudi nyuma hatua saba kama afanyavyo kila mara, akaweka jicho kwenye kamera. Mbele yake kulikuwa na ukungu mzito.

Akawaomba wasubiri kidogo, ukungu uondoke.

Wakasubiri. Dereva akatazama kulia na kushoto, akajinyoosha tena kwa picha. Hakutaka kumfundisha mtu kazi yake. Wifi alikuwa amesimama pembeni na sinia, akajua kuna sababu, maana si mara ya kwanza kusubirishwa. Jua likatoka jekundu, likawa la dhahabu, likaanza kuwa jeupe. Mama Sinia akasema kwamba ukungu wa leo ni mkaidi.

Wifi akalishusha sinia.

"Wifi," akauliza, "ukungu gani?"

Hakukuwa na ukungu. Anga lilikuwa safi kabisa, bahari imetulia, na mtu angeweza kuhesabu ndege waliokuwa mbali kwenye mchanga. Asubuhi kama ile hutokea mara mbili au tatu kwa mwaka, na ilikuwa imekwisha huku wakiwa wamesimama wanaitazama.

Mama Sinia akaiondoa kamera jichoni. Akaomba radhi kwa dereva, maneno yakamgongana mdomoni. Dereva naye akawa anasema si kitu, si kitu, kwa namna ambayo ilikuwa wazi kwamba ni kitu.

Aliyeokoa hali ni bibi. Yeye alikuwa ameshakaidi maagizo zamani, ameigeukia bahari na kulitazama jua lote lilivyotoka. Sasa akageuka, akamsogelea mpiga picha karibu mno, kama mtu anayetaka kumnusa.

"Taa ya jikoni kwako," akamuuliza, "siku hizi ina duara kuizunguka?"

Mama Sinia akatikisa kichwa kukubali.

"Na taa za magari usiku zinakupiga?"

Akakubali tena.

"Basi huo ukungu si wa baharini, mwanangu. Ni wa kwako. Mimi nimekaa nao miaka miwili, mpaka nikawa namtambua mwanangu kwa kikohozi." Bibi alikuwa amepasuliwa macho yote mawili mwaka uliotangulia, ndiyo maana alitaka kuona jua likitoka, kuyafanyisha kazi. Akamshika Mama Sinia mkono, akamtania. "Watu husema macho hayana pazia. La kwako limeshatundikwa. Nenda likatolewe."

Wakacheka wote, Mama Sinia akicheka na kulia papo hapo. Hakuchukua malipo. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakawapita vifundoni.

Hospitalini walithibitisha maneno ya bibi kwa nusu saa. Daktari wa upasuaji wa macho huja wiki moja kila mwezi, akampangia tarehe. Alimweleza kwamba wengi sana hutoka wanaona vizuri. Mama Sinia akamuuliza kama ni wote. Daktari, kwa kuwa ni mtu mkweli, akasema si wote.

Tarehe ya kwanza ilipofika hakwenda. Alisema imeangukia maji kupwa, na mtu mwenye asubuhi nane kwa mwezi hawezi kuzitupa. Wifi akamwelewa. Tarehe ya pili nayo ikapita. Maji yamepwa, akasema, na wateja wamelipa kabisa. Mara zote mbili alisema wateja wanataka vivuli tu, sinia libaki nyumbani. Wifi akamwelewa tena, ingawa safari hii alinuna.

Wakati huo alikuwa anafanya kazi kwa makadirio. Alipima hatua saba, akaweka pete ya lenzi kwenye alama aliyoichora kwa rangi ya kucha, akaomba Mungu. Nusu ya picha zilitoka na nusu zikatoka zimefifia. Zilizofifia alirudisha pesa, akasingizia mashine ya kuchapia.

Siku moja mchana, wifi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, macho yake yakaenda kwenye kalenda. Ile ya pili ya hospitali ilikuwa imeangukia tarehe tatu. Duara la kwanza lilikuwa tarehe tisa. Akakumbuka kwamba alfajiri ya tarehe tatu alipita ufukweni akienda sokoni, na bahari ilikuwa imejaa.

Akasimamisha cherehani.

"Wifi, siku ile maji yalikuwa yanagonga ukuta. Ulikwenda kumpiga nani picha? Pweza?"

Mama Sinia hakujibu mzaha kwa mzaha. Alikwenda akakaa kwenye stuli ya wateja, mbele ya shuka jeupe, kama anayetaka pasipoti. Siku ile, akakiri, hakwenda popote. Alikaa kwenye benchi la kituo cha basi mpaka saa nne, kisha akarudi nyumbani amebeba kamera ambayo haikupiga kitu.

"Nisipopasuliwa nitakuwa kipofu polepole," akamwambia. "Nikipasuliwa vibaya nitakuwa kipofu siku moja. Nikachagua polepole."

Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Mama Sinia hakuwa anaficha ugonjwa. Alikuwa anaficha hofu, na hofu ya mtu mwenye jicho moja si ya kuchekwa. Wengine daktari akikosea upande mmoja, wanabaki na upande wa pili wa kumtazamia daktari huyo kwa hasira. Yeye hana.

Wifi ni mwanamke wa maneno mengi. Siku hiyo, wote wawili wanakubaliana, alisema machache kuliko siku yoyote ya maisha yake. Alisema tu kwamba hatamlazimisha. Jicho si nguo ya mteja, huwezi kulichukua ukalishona mwenyewe bila ruhusa. Lakini akiamua kwenda, atamshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na kuanzia pale atakuwa amemkabidhi kwa Mungu na daktari.

"Angelia mbele yangu ningekataa tena," anasema Mama Sinia. "Hakulia. Alirudi kwenye cherehani akamalizia lile gauni. Nikaona huyu mtu ananingoja mimi, hanisukumi. Nikapiga moyo konde."

Kesho yake alikwenda mwenyewe hospitalini kuomba tarehe ya tatu. Karani akafungua daftari, akampa Alhamisi. Mama Sinia akarudi nyumbani, akasogea kwenye kalenda mpaka pua ikaigusa. Alhamisi ile ilikuwa imezungushiwa duara. Udhuru aliousema mara mbili ulikuwa sasa ni kweli tupu, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu kama angeutumia.

Wateja wanne walimpigia simu wakitaka asubuhi hiyo. Mmoja alikuwa tayari kulipa mara mbili. Aliwajibu wote kwamba Alhamisi ana kazi.

Tayari amejua gharama ya baada ya hapo. Daktari amemkataza jua kali, vumbi na maji ya chumvi kwa mwezi mzima. Hizo ni asubuhi nane nyingine. Wifi amejitolea kushika kamera, na wiki hii amekuwa akijifunza, akipiga picha za kila anayekuja kuchukua nguo. Mpaka sasa ana picha kumi na moja za vidole vyake mwenyewe.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wamekaa kwenye benchi la mbao katika korido ya hospitali. Mama Sinia amevaa gauni la kijani la wagonjwa lililofungwa kwa kamba mgongoni, na muuguzi ameshamtia matone ya kupanua mboni, kwa hiyo sasa haoni hata uso wa mtu aliyekaa naye. Mkono wake umo kwenye mkono wa wifi. Korido ina dirisha linalotazama mashariki.

Anauliza kumekuchaje huko nje.

Wifi anatazama dirishani. Anga halina hata wingu, na jua limetoka zima, kubwa, la rangi ambayo kwa miaka kumi na sita wameidamkia wote wawili.

"Kumefunga," anamjibu. "Mawingu matupu. Leo hata ungekwenda usingepata kitu."

Jua hilo linampiga Mama Sinia shavuni na analihisi vizuri sana, lakini anauacha uongo wa wifi yake upite bila kuusahihisha. Anaubana tu ule mkono.

Halafu anamweleza mwandishi wa simulizi hii, aliyeandamana nao tangu ufukweni, mpango wake, maana aliulizwa tangu juzi na hakujibu. Wiki iliyopita alimtafuta yule dereva wa lori, akaomba kuzungumza na mama yake. Alimwambia bibi arudi, kwamba bado ana deni la picha yake. Wamekubaliana asubuhi ya kwanza ya maji kupwa baada ya ule mwezi wa kukatazwa, na bibi ameahidi kuja, nauli atatoa mwanawe.

"Nikiwa naona, nitampiga picha yake," anasema. "Nikiwa sioni, nimemwomba aje hivyohivyo. Nitakaa naye pale kwenye mchanga, anielezee jua linavyotoka. Maana mimi kila siku nilikuwa natazama nyuso za watu, nikilenga kope. Lenyewe sijawahi kulitazama."

Muuguzi anafungua mlango na kumwita. Mama Sinia anainuka, anaweka gauni sawa, na wifi yake anamhesabia hatua mpaka mlangoni. Ni hatua tisa.